BARUA YA WAZI KWA BODI NA MKURUGENZI MTENDAJI: TUACHENI TUONGOZE KWA NAMNA YETU

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Ndugu wajumbe wote wa menejimenti,

YAH: JINSI VIONGOZI WANAWAKE TUNAVYOPIMWA, TUNAVYOFUNDISHWA NA TUNAVYOSIKILIZWA KAZINI

Salaam kwenu nyote na poleni na majukumu.

Mimi ni mkuu wa kitengo, nina watu 23 chini yangu na huu ni mwaka wangu wa 11 kwenye kampuni hii. Mnanifahamu. Naandika hadharani kwa sababu milango ya ndani nimeshaigonga yote, HR (idara ya rasilimali watu) nimewaandikia emaili tatu, ya kwanza nikajibiwa "tumepokea", ya pili sikujibiwa kabisa, ya tatu nikaitwa ofisini nikaulizwa kama nina matatizo nyumbani. Nikaomba kuonana na mkurugenzi nikapewa dakika 15, kumi zikaishia kwenye simu yake. Sina nia ya kumdhalilisha mtu na ndo maana humu hakuna jina la mtu wala jina la kampuni, lakini maji yamezidi unga, na kila nikiwaangalia wadada wawili kwenye timu yangu ambao najua kabisa watakuja kuwa viongozi nasema hapana, hawa wasipite nilipopita mimi.

Ninachodai ni kimoja, mengine yote yanatoka hapo. Mnanipima kwa jinsi ninavyofanana na bosi aliyekuwepo kabla yangu. Nipimeni kwa kazi.

Sasa niyaeleze moja moja.

1. FOMU YA TATHMINI INANIHUKUMU PANDE ZOTE MBILI

Nina fomu mbili za tathmini, za miaka miwili iliyofuatana, zimeandikwa na mkono mmoja. Ya kwanza kwenye sehemu ya uongozi imeandikwa: "Ni mpole mno, anashauriana sana, hana uzito wa kiongozi." Ya pili, sehemu ile ile: "Ana ukali usio wa lazima, apunguze, ajifunze kuwa karibu na watu."

Naomba msome tena hizo sentensi mbili taratibu.

Kati ya fomu ya kwanza na ya pili kilichotokea ni kwamba niliwasikiliza. Niliona sawa, kama wanataka uzito basi uzito watauona. Nikaacha kuuliza watu wangu wanaonaje, nikawa natoa maagizo. Emaili zangu zikawa za mstari mmoja hazina salamu. Nikapiga meza kwenye kikao, kweli nilipiga meza, na mkono uliniuma mpaka jioni. Nilikuwa namuiga mtangulizi wangu ambaye kila mtu alimsifu kwamba "alikuwa na msimamo". Ndani ya miezi minne watu wawili wakaomba uhamisho, na dada mmoja ambaye kila asubuhi alikuwa anapita ofisini kwangu kunieleza kazi imefika wapi akaacha kupita, akawa anatuma ripoti tu. Nikimuita anasimama mlangoni, haingii. Hilo la kusimama mlangoni bado linaniuma hadi leo, kwa sababu nilimtisha mtu ambaye sikuwa na sababu ya kumtisha, na nilifanya hivyo ili nipate alama nzuri kwenye fomu. Alama yenyewe sikuipata.

Mwanaume ambaye namuiga akipiga meza ana msimamo. Mi nikipiga meza nina ukali usio wa lazima. Meza ni ile ile jamani.

Na kabla hamjasema ni hisia zangu, jambo hili limeshapimwa na watu wenye kazi yao. Mwaka 2008 watafiti Victoria Brescoll na Eric Uhlmann walionyesha watu video za mwanaume na mwanamke wakieleza jambo lililowakasirisha kazini, mwanaume aliyekasirika akapandishwa hadhi machoni pa watazamaji, mwanamke aliyekasirika akashushwa. Hasira ya mwanaume walisema imeletwa na mazingira, ya mwanamke wakasema ndo tabia yake alivyo. Mwaka 2014 mwandishi Kieran Snyder alikusanya tathmini 248 za watu wa sekta ya teknolojia, akakuta kati ya zile zenye ukosoaji, za wanaume zilikuwa 83 na mbili tu ndo zilikosoa tabia ya mtu mwenyewe, za wanawake zilikuwa 94 na zilizokosoa tabia ni 71. Wanaume waliambiwa waongeze ujuzi fulani, wanawake wakaambiwa wapunguze sauti, wapunguze ukali, wawaachie wengine nafasi. Niliposoma hizo namba nikatoa fomu zangu mbili kwenye droo nikaziweka mezani, nikawa naziangalia tu.

Pia kuna kesi ya Ann Hopkins ambayo kila mtu wa HR anatakiwa aijue. Huyu mama alikuwa Marekani, akifanya kazi Price Waterhouse, kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu, mwaka 1982 akapendekezwa kuwa mbia. Wagombea walikuwa 88, mwanamke yeye peke yake, na kampuni ilikuwa na wabia 662, wanawake 7 tu. Alikuwa ameleta mkataba wa mamilioni ya dola. Hawakumpitisha, wakamwambia asubiri mwakani. Maoni waliyoandika juu yake yalisema anajifanya dume, mwingine akasema aende akasome ulimbwende, na alipouliza afanye nini ili apite mwakani aliambiwa atembee kike zaidi, aongee kike zaidi, avae kike zaidi, apake vipodozi, atengeneze nywele, avae vito. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1989 majaji wakasema wazi kwamba mwajiri anayedai ukali kazini halafu akamkataa mwanamke kwa kuwa mkali anamtega mtego usio na pa kutokea. Baadaye alirudi pale pale akiwa mbia kwa amri ya mahakama.

Hopkins aliambiwa ni mkali mno. Mi niliambiwa mpole mno halafu mkali mno, ndani ya miezi 12.

2. MAFUNZO MLIYOTUPELEKA YALIKUWA YA KUTUREKEBISHA, SIO KUTUJENGA

Mwaka jana wakuu wa vitengo wanawake wote tulipelekwa kwenye mafunzo ya siku mbili, wenzetu wanaume hawakuitwa. Nilienda na daftari jipya, nikiwa na hamu ya kujifunza bajeti, kusimamia migogoro, kupanga watu. Siku nzima ya kwanza tulifundishwa sauti. Tulisimama mstari, kila mmoja anasema sentensi moja, mkufunzi anasema "shusha, shusha tena, bado". Tukafundishwa kukaa tukiwa tumetanua mikono kwenye kiti. Tukaambiwa tuache kusema "naomba" na "samahani" kwenye emaili, tuache kuanza na swali, tuache kutabasamu tukitoa maelekezo. Dada aliyekuwa pembeni yangu ana sauti nyembamba toka azaliwe, na ni mtu ambaye akisema jambo kwenye hesabu hakuna anayempinga maana hakosei, alirudia sentensi yake mara saba. Mara ya saba macho yake yalikuwa yamejaa machozi na mkufunzi akampongeza kwamba sasa ndo ameanza kusikika kama kiongozi.

Najua hili lina historia ndefu. Margaret Thatcher kabla hajawa waziri mkuu wa Uingereza alifundishwa kushusha sauti yake iwe nzito. Ile ilikuwa miaka ya 1970. Nauliza kwa heshima, sisi leo tunalipia mafunzo ya kufanya hivyo hivyo kwa nini? Kama sauti nyembamba haisikiki kwenye kikao, kwanza tuangalie nani anaongea juu ya mwenzake.

Tena hizo tabia mnazotaka tuziache zina kazi yake. Hili nataka nilieleze vizuri kwa mfano maana hapa ndo kuna kiini cha barua.

Siku moja saa tano usiku simu yangu ikaita, kijana wa kwenye timu yangu, sauti inatetemeka. Alikuwa amepakia orodha ya malipo isiyo sahihi kwenye mfumo, ya mwezi uliopita badala ya ya mwezi ule, na saa kumi na mbili asubuhi mfumo ungeanza kulipa wenyewe. Hakuna aliyemgundua, aligundua mwenyewe akiwa nyumbani. Nikamwambia asante kwa kuniambia, fungua kompyuta tuangalie pamoja. Tulikaa kwenye simu mpaka saa saba kasoro, tukaiondoa orodha, tukaweka sahihi, tukahakiki mstari kwa mstari, asubuhi malipo yakatoka salama. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakusubiri asubuhi akajaribu bahati yake, akasema, "Dada, nilijua hutanifokea."

Kosa linalofanana na hilo lilishatokea enzi za mtangulizi wangu. Lilifichwa wiki tatu. Aliyelifanya aliogopa, wenzake walijua wakaogopa, lilipokuja kufumuka tayari wateja walishalalamika na nyie bodi mliitana kikao cha dharura, mnakumbuka. Yule bosi alikuwa na uzito wa kutosha kabisa. Uzito huo ndo uliofanya hakuna aliyethubutu kumpigia simu usiku.

Mwaka 1996 mtafiti Amy Edmondson alichapisha utafiti juu ya makosa ya dawa hospitalini, akakuta timu zilizoongozwa vizuri zilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa, na akagundua maelezo yake ni kwamba watu hawaogopi kusema. Mwaka 2010 Anita Woolley na wenzake walipima watu 699 wakifanya kazi kwa vikundi, wakakuta kikundi kufanya vizuri hakukutegemea sana kuwa na mtu mmoja mwenye akili kuliko wote, kulitegemea zaidi watu kusoma hisia za wenzao na kupeana zamu ya kuongea. Kumbuka, nawaambia hayo maana kwenye fomu yangu "anashauriana sana" liliandikwa kama kasoro.

Kitu kingine, hii namna ya kuongoza haikubuniwa jana na wala haihitaji kuitwa ya kisasa. Miaka ya 1920 Mary Parker Follett, mwandishi wa mambo ya uongozi, alikuwa anawahutubia wakuu wa viwanda na biashara Marekani, akitofautisha nguvu unayokuwa nayo juu ya watu na nguvu unayokuwa nayo pamoja na watu. Karne nzima imepita, na sisi bado tunaandika "hana uzito" tukiona mtu anatumia ile ya pili.

3. KWENYE VIKAO TUNASEMA, WENGINE NDO WANASIKIKA

Hili fupi. Mwezi wa tatu nilipendekeza tugawe zamu za mwisho wa mwezi mara mbili ili watu wasikeshe. Kimya. Kikao kikaendelea. Dakika 20 baadaye mkuu wa kitengo kingine, kaka ambaye namheshimu na hana ubaya wowote, akasema jambo lile lile kwa maneno mengine na mwenyekiti wa kikao akasema "hapo sasa umenena". Kwenye muhtasari wa kikao wazo lina jina lake. Yeye mwenyewe alikuja kuniomba radhi, alisema hakujua kama analirudia. Simlaumu yeye. Nawalaumu mnaoendesha vikao, kwa sababu kusikiliza ni kazi yenu.

Wanawake waliokuwa wanafanya kazi Ikulu ya Marekani wakati wa Obama walipoona wanapitwa hivi walikubaliana kwamba mmoja wao akitoa wazo zuri mwingine analirudia na kumtaja aliyelitoa. Ilisaidia. Sisi wakuu wa vitengo tumeanza kufanya hivyo tangu mwezi wa tano, mtaona kwenye mihtasari. Ila haifai watu wazima waingie kwenye kikao na mkakati wa kusikilizwa.

4. KAZI ZA KULEA WATU MNATUPA SISI, ALAMA ZAKE HAKUNA

Mtu akifiwa, anaitwa mkuu wa kitengo mwanamke aende kumfariji. Vijana wawili wakigombana, "mama hebu kaa nao". Mgeni akiajiriwa, sisi ndo tunamuelekeza hata kama sio wa kitengo chetu. Kuandika muhtasari, kupanga sherehe ya kumuaga mtu, sisi. Sikatai kazi hizi, nyingine nazipenda na ndo zinazoshikilia watu wasiondoke. Kwenye kitengo changu kwa miaka miwili iliyopita, ukiondoa ule muda wa kupiga meza, hakuna aliyeacha kazi. Tafuteni hiyo sehemu kwenye fomu ya tathmini. Haipo. Yaani tunachukuliwa kwamba ndo tulivyo, kama vile hakuna jitihada inayoingia.

5. NA MWANAMKE ALIYE MKALI KWA ASILI NAYE AACHWE

Naomba mnielewe vizuri maana hapa watu wanapotosha. Sisemi wanawake wote ni wapole na wanaume wote ni wakali. Mwaka 2003 Alice Eagly na wenzake walijumuisha tafiti 45 kulinganisha uongozi wa wanawake na wanaume, wakakuta wanawake kidogo walizidi kwenye kuhamasisha, kulea vipaji na kumsifu mtu akifanya vizuri, wanaume kidogo wakazidi kwenye kusubiri tatizo litokee ndo waingilie. Kidogo, tofauti zenyewe zilikuwa ndogo. Watu hawafanani.

Mkuu wa kitengo cha ukaguzi ni mwanamke, haongei sana, hacheki ovyo, akisema hapana ni hapana na hatoi maelezo marefu. Huo ndo mtindo wake na watu wake wanampenda kwa sababu haonei mtu. Naye ameandikiwa "awe na joto zaidi", yaani awe mchangamfu zaidi kwa watu. Sasa mimi nipunguze joto, yeye aongeze joto. Ukituweka pamoja utaona tatizo halipo kwenye joto la mtu yeyote.

NAJUA MTAKACHOJIBU

Mtasema "tunapandisha kwa uwezo, hatuangalii jinsia". Nakubali mnaamini hivyo. Ila "uzito", "ukaribu", "haiba ya uongozi" sio uwezo, ni jinsi mtu anavyoonekana machoni pa anayejaza fomu. Mtafiti Virginia Schein alionyesha toka mwaka 1973 kwamba mameneja wakiulizwa sifa za meneja bora wanataja zile zile wanazozitaja kwa mwanaume. Hawakuwa watu wabaya. Picha iliyo kichwani ndo inajaza fomu.

Mtasema "mbona tuna wanawake wawili kwenye menejimenti". Wawili kati ya 14. Mtafiti Rosabeth Moss Kanter alieleza mwaka 1977 kinachowapata watu wachache ndani ya kundi kubwa, kila wanachofanya kinaonekana mara mbili, kosa la mmoja linakuwa la wote. Hao dada wawili nimeongea nao. Mmoja aliniambia ana nguo za ofisini na ana sauti ya ofisini, akifika nyumbani anavua zote mbili.

Mtasema "wanawake wenyewe kwa wenyewe hawapendani, mabosi wanawake ndo wabaya zaidi". Hili nimelisikia kwa masikio yangu ndani ya jengo hili. Mi mwenyewe kwa miezi ile nilikuwa bosi mbaya kwa wanawake walio chini yangu, sitalificha hilo, nilishawaomba radhi mmoja mmoja. Nilikuwa hivyo kwa sababu nilikuwa naigiza, na anayeigiza anaogopa kila dakika atagundulika, na mwenye hofu hana uvumilivu na mtu.

Mtasema "biashara yetu ngumu, inahitaji mtu mgumu". Angela Merkel aliongoza Ujerumani miaka 16, toka 2005 hadi 2021, kwa utulivu, anasikiliza, anachelewa kuamua mpaka awe na taarifa, na humo ndani alipita msukosuko wa fedha, wa wakimbizi na korona. Ellen Johnson Sirleaf alipokea nchi ya Liberia akiwa rais mwaka 2006 ikiwa imetoka vitani. Jacinda Ardern, waziri mkuu wa New Zealand wakati huo, mwaka 2019 baada ya watu kuuawa misikitini Christchurch alienda akawakumbatia wafiwa, na ndani ya mwezi mmoja bunge likabadilisha sheria ya silaha. Kukumbatia na kubadilisha sheria vilitoka kwa mtu yule yule. Sidhani kazi yetu ni ngumu kuliko hizo.

Na mtasema "ungekuja tuongee". Nilikuja. Emaili tatu ninazo, tarehe zake mnazo.

NINACHOOMBA

Kwanza fomu. Ondoeni "uzito", "haiba", "ukaribu" na maneno yote ya namna hiyo, wekeni vitu vinavyohesabika: kazi imeisha kwa wakati au haikuisha, makosa yaliripotiwa baada ya muda gani, wangapi wameondoka, wangapi wamekua wakapandishwa. Anayetaka kuandika jambo juu ya tabia ya mtu aandike na tukio, lini, wapi, alifanya nini, lilileta madhara gani. Kama tukio hakuna, sentensi ifutwe.

Pili, tathmini za wakuu wa vitengo wote za miaka mitatu iliyopita, wanaume na wanawake, zisomwe upya na mtu wa nje, majina yakiwa yamefichwa, ahesabu tu nani kakosolewa kazi na nani kakosolewa tabia. Matokeo tuonyeshwe wote.

Tatu, mafunzo yale yasimame. Hela hiyo itufundishe bajeti, sheria za kazi na usimamizi wa migogoro, na wanaume waje pia. Kama kuna mafunzo ya kusikiliza na kugawa zamu ya kuongea, anzeni na wenyeviti wa vikao.

Nne, muhtasari uandike jina la aliyetoa wazo kwanza, na kuandika muhtasari kuwe kwa zamu, wote.

Tano, kazi ya kulea watu ipewe alama kwenye fomu, au igawanywe sawa.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Sitaki kuongezewa cheo kwa sababu ya barua hii, wala sitaki mtu yeyote afukuzwe. Wakuu wa vitengo wengine wanne wameisoma kabla sijaituma, wako tayari kukaa na nyie pamoja na mimi siku yoyote mtakayopanga, na kaka yule wa wazo la zamu amesema naye atakuja.

Fomu ya mwaka huu nimeshaletewa. Sehemu ya uongozi imeandikwa "ameimarika, ila bado anashauriana sana". Iko mezani kwangu na sijaisaini. Yule dada aliyekuwa anasimama mlangoni ameanza tena kuingia asubuhi, jana alikaa kwenye kiti, akaiona, akaniuliza kama nitasaini. Nikamwambia nasubiri majibu ya bodi.

Wenu katika kazi,

Mkuu wa kitengo
(Jina langu na namba yangu ya utumishi mnavyo kwenye emaili zile tatu)

Nakala: Wakuu wa vitengo wote
Nakala: Idara ya HR